Mikono ya Wifi

...na sasa mwanangu anacheka, msikie, anacheka kile kicheko cha tumboni nilichokuwa nakipata mimi peke yangu, maji yanamwagika huko bafuni, beseni linagonga sakafu, wifi anamwambia kaa chini Bosi, kaa nikusugue mgongo, na mimi niko hapa kitandani nimekumbatia mto kama mtu aliyeachwa, nesi ndiye aliyenifundisha, mama ukikohoa bana mto tumboni, ukicheka bana mto, sikumuuliza nikiona wivu nibane nini... maana huu ni wivu, niuite kwa jina lake, namwonea wivu dada wa mume wangu aliyeacha shughuli zake akaja kunipikia, kunifulia, kuniletea mpaka maji ya kunawa uso, na badala ya kumshukuru nimekaa kumtegea sikio kupitia ukuta, najichorea kichwani, sasa kamnyanyua, sasa kamweka ubavuni, tena upande wa kushoto, ule ule wangu, huo wa kulia una nini... na mwanangu naye, kigeugeu, nilirudi kutoka hospitali akanitazama usoni, akafunua gauni langu kutafuta ile nundu ya kitovuni aliyozoea kuibonyeza kama kengele, akakuta bandeji, basi, akageuka zake kwa shangazi yake... ngiri ya kitovu, daktari alisema, imeanza na mimba yake huyu huyu, sufuria za jikoni zikaimalizia, mimi ni mpishi wa shule, sufuria ya kubebwa na watu wawili naibeba peke yangu, kwa sifa, wenzangu wananiita Kreni na mimi nafurahi, haya sasa Kreni limekatazwa kunyanyua, wamenishonea wavu ndani, usibebe kitu kizito kuliko birika mpaka nikuruhusu, daktari, mimi nina mtoto mdogo, akaniuliza mtoto wako anazidi birika, nikasema anazidi, akasema basi jibu unalo, ukilazimisha pakaachia tunakurudisha mezani... anikate tena, potelea mbali, kwa sababu leo wifi akitoka kwenda kuanika nguo mimi namnyanyua mwanangu, nimeshaamua, mara moja tu, nimwinue mpaka kichwa chake kifike hapa shingoni, nani atajua, Bosi hajui kusema umbeya... yule wifi hata asubuhi ile ya upasuaji alinichoma, mimi nina njaa tangu jana yake, hereni nimevuliwa, pete imegoma kutoka wakaizungushia plasta, nimevalishwa kigauni cha mgongo wazi, nasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, na yeye yuko mlangoni amempakata mtoto, amemshika kiganja anakipunga, mwambie mama kwa heri, kwa heri gani, nikapungiwa na mkono wa mwanangu unaoendeshwa na mtu mwingine, ikabidi nitabasamu... nikazinduka koo limekauka, sikuuliza kama nimepona, nikauliza mtoto amelala na nani, na shangazi yake, akasema mume wangu, wala hakulia, maskini, akidhani ananipa habari njema... haya, maji yametulia huko, anaita, wifi anaita, unanisikia wifi, nakusikia, sauti yangu imetoka kavu bila kutaka.

"Huyu mtoto wako hataki kubebwa siku hizi," anasema. "Tangu juzi ananisukuma. Nikimnyooshea mikono ananitazama tu, anasema mwenyewe."

...eti hataki, safi kabisa, nimefurahi, Mungu anisamehe nimefurahi mpaka kidonda kimenivuta, mwanangu ana akili, hakusahau, anaitunza nafasi ya mama yake, huyo ndiye damu yangu, na wifi sauti imemlegea, ameumia, aumie kidogo, mimi nimeumia siku zote hizi... anamtunzia mama yake... lakini leo asubuhi, alikuja hapa kitandani, nilifurahi sana nikamnusa nywele, nani alimpandisha, wifi alikuwa jikoni, baba yake alishatoka kwenda kazini kwake, alisukuma kile kigoda akapanda, akakaa hapa pembeni yangu, hakuninyooshea mikono, nimkumbuke vizuri, hapana, hakuninyooshea, na kushuka alishuka kwa tumbo, miguu ikitafuta sakafu, akaenda zake... kwa hiyo si kwamba ananingoja, hamngoji mtu, anakua tu, amejifunza huko nyuma ya mlango wakati mimi najifunza kukohoa, na daktari bado hajaniruhusu, na siku atakayoniruhusu nitamnyooshea mikono mtoto atakayeniambia mwenyewe, na huyu ndiye kitinda mimba, tumekubaliana na baba yake, hakuna mwingine wa kubeba baada yake... mara ya mwisho nilimbeba lini, nilimbeba pale kwenye korido ya hospitali, tunangoja kuitwa, alikuwa ananirukia mapajani, tumbo linauma, nikamsukumia wifi, shika huyu ananiumiza, ndivyo nilivyosema, shika huyu, sikumwangalia hata usoni... na nilikuwa nalala hapa nikichukia ile mikono, kumbe ilikuwa inanishikia, siku zote ilizombeba alikuwa bado mtoto wa kubebwa, bado yuko ubavuni, mimi nachukia na huku ndiyo ilikuwa salama yangu... sasa namsikia anasimama kwenye beseni, mwenyewe, mwenyewe, maji yanamwagika tena, wifi anasema haya bwana, shuka mwenyewe basi, na mimi najiinua kwa kiwiko, kidonda kinavuta, sauti inatoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Mbebe tu, wifi. Hata akikataa, mbebe. Asije akazoea kutobebwa."