Neno Moja kwa Kikombe

Faudhia alisimamia wafanyakazi kumi na wanane kwenye shamba la kuku, Misugusugu. Kila siku aliwatumia maagizo kwenye kundi la WhatsApp: zamu, usafi, sare, chanjo, na jumbe za sauti za dakika nne nne. Jumatatu, hadi adhuhuri, yalifika thelathini na saba.

Siku hiyo hiyo Zahoro, mmoja wao, aliwanywesha vifaranga maji asubuhi, kinyume na agizo. Chanjo ilipoletwa, nayo ya kunywa, hawakuwa na kiu. Dawa ikamwagwa. Bosi akasema chanjo itarudiwa Alhamisi, na ikiharibika tena, atatafuta msimamizi mwingine.

"Nilituma!" Faudhia alimfokea Zahoro. "Mara mbili!"

"Dada, humo umeandika mpaka rangi ya ndala. Nisome au nilishe kuku?"

Wenzake wakacheka.

Lakini aliyemuuma Faudhia roho ni Bertha, mpishi wa chai. Hana cheo, simu yake kitochi kisicho na WhatsApp, ila akisema bomba linavuja, linazibwa kabla ya mchana. Saa nne Faudhia aliwatazama wafanyakazi kupitia dirishani wamemzunguka. Bertha alimletea chai, ameifunika kwa kisahani isipoe. Faudhia hakuigusa.

Jumatano akamfuata jikoni.

"Shikamoo, Mama Lusajo."

"Marahaba, mwanangu."

"Hawa watu umewapa nini? Umewaloga?"

"Niwaloge kwa tangawizi?" Bertha alicheka. "Mtu akishika kikombe namwambia neno lake moja. La mwenzake halimhusu. Kisha namuuliza, nimesemaje?"

Faudhia alitaka kumwomba awaambie habari za chanjo. Akawaza watakavyomwitikia Bertha na si yeye, akashindwa.

"Kesho nitagawa chai mimi."

"Gawa, mama. Zahoro anaweka sukari vijiko vitatu."

Alhamisi hakutuma ujumbe hata mmoja. Alifika kabla ya kuku kunyweshwa, akaomba chai iwahi, akagawa mwenyewe.

"Zahoro, usiwape maji mpaka nilete dawa. Nimesemaje?"

"Nisiwape maji mpaka ulete dawa." Safari hii hakuna aliyecheka.

Adhuhuri vifaranga wa mabanda yote walikuwa wamechanjwa. Bosi alipita, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka.

Wafanyakazi wakarudisha vikombe jikoni mmoja mmoja. "Ahsante, Mama Lusajo. Chai tamu."

"Mshukuruni dada yenu, ndiye aliyewahudumia," Bertha alisema.

Wakamshukuru. Faudhia aliitikia huku amewapa mgongo, maana hata shukrani ile alikuwa amepewa na Bertha.