Kiwanja cha Juu ya Paa

Wakubwa wa shirika lile la serikali pale Kitale hawakukanyaga matope. Walijijengea kiwanja cha helikopta juu ya paa la ofisi, cha kwao peke yao, wakawa wanaruka kutoka huko kwenda kukagua mashamba ya tumbaku Malakisi. Haya, raha zao. Lakini rubani wao, Ngari, alikuwa mtu wa watu. Kila Jumanne alipopita kijijini kwetu, huku juu ya Sirisia, akiona kitambaa cheupe cha meza ya kanisa kimetandazwa uwanjani mwa shule, alijua kuna mgonjwa. Alishuka, wakubwa wakinuna, akampeleka hospitali Bungoma.

Basi tukazoea. Mwanamke akishikwa na uchungu Jumanne, hakuna aliyehangaika na machela. Akina mama wa kanisa walitandaza kitambaa, tukakaa kando tukiangalia juu.

Mwaka wa tisini na tatu mdogo wangu Jelimo alishikwa na uchungu Jumanne asubuhi. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, mkunga alituambia wazi. Kiplagat, mume wake, akakata miti ya machela.

"Tumbebe sasa hivi, tufike barabarani kabla ya mvua," akasema.

Mama yetu akamkatalia. "Wewe Kiplagat, unataka kumtingisha mtoto wangu kwa mawe yote hayo? Si leo ni Jumanne? Ngojeni ndege, bana."

Nani angebishana na mama? Tukangoja. Jua likapanda mpaka utosini. Jelimo alinibana mkono akiuliza, "Haijasikika?" Nami namwambia bado kidogo. Halafu mawingu yakashuka kutoka mlimani, mvua ikamwagika, ndipo Kiplagat na vijana wakambeba bila kumsikiliza mtu. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Jelimo alikata roho kabla hatujaona barabara, mtoto akiwa bado tumboni. Kiplagat alikaa kwenye matope, akakataa kuiachilia machela.

Tulipomaliza matanga nilienda Kitale. Nilikuwa na hasira, wacha tu. Karani wa shirika hata hakuinua macho.

"Kile kiwanja kilifungwa, mama. Gharama. Helikopta imerudishwa Nairobi, Ngari ameachishwa kazi."

"Kilifungwa lini?"

"Ile Ijumaa kabla ya mvua kubwa. Tulibandika tangazo hapo mlangoni."

Mlangoni, ati! Ni nani wa kwetu aliyewahi kuuona mlango wao? Nilimtukana mpaka askari akanitoa nje.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimeazimia kusema yote. Nikamkuta mama ameketi jikoni, chakula kimepoa mbele yake. Tangu mazishi hakuwa anakula.

"Wamesema nini?"

Nilimtazama, nikaitazama na ile sahani.

"Iliharibika, mama. Ngari alikuwa ameshapanda ndege ili aje, injini ikakataa."

"Kwa hivyo alikuwa anakuja."

"Alikuwa anakuja."

"Basi sikukosea kuwaambia mngoje."

"Hukukosea, mama."

Akavuta sahani, akaanza kula. Nilitoka nyuma ya nyumba nikalia sana, kwa sababu nilimwona Kiplagat anapanda kuja kuniuliza habari za Kitale, na yeye pia ilibidi nimdanganye hivyo hivyo.