Safari ya Bahari na Moto wa Mlangoni

Mkoba wa Wakana ulikuwa tayari tangu Jumapili, na kila siku aliufungua ili apate kuufunga tena. Ndani mlikuwa na nguo ya kuogelea yenye picha za samaki, kofia ya majani, ndoo ya plastiki, na pakiti ya biskuti za mchele iliyokuwa ikipungua bila mwizi kujulikana.

"Mama, leo ndiyo kesho?"

"Leo ni leo, mwanangu. Safari ni Jumamosi."

"Jumamosi inachelewa," alisema Wakana, mwenye miaka minne tu, kwa sauti ya mkuu wa stesheni.

Mama yake, Chizuru, akacheka, naye hakuwa amecheka sana mwaka ule. Takuma, mumewe, alifariki wakati baridi ilipokuwa kali, baada ya kuugua majuma machache tu. Sasa mvua za Julai zilikuwa zinaisha, joto la Tokyo limeanza kubana kama sufuria iliyofunikwa, na Chizuru alikuwa amepanga safari. Yenyewe ndogo, kulala usiku mmoja tu na kurudi. Lakini aliyewahi kusafiri na mtoto mdogo anajua kwamba safari ya usiku mmoja hupangwa kama harusi.

Alikwisha kuchagua treni isiyojaa, behewa lenye choo, na upande wa dirisha ambako bahari huonekana kwanza. Wakiondoka baada ya kifungua kinywa, Wakana angesinzia kwenye mahandaki na kuamka bahari ikiwa mbele yake. Matonge ya wali yangetiwa samaki wa chumvi, si plamu chachu, maana plamu chachu Wakana angeitema palepale kwenye kiti. Nguo za kubadilisha zilikuwepo, na mifuko ya kutapikia pia. Nyumba ya wageni ilikuwa ng'ambo ya ghuba, na mwenyewe, mama mmoja wa sauti nene, alimwambia kwenye simu, "Mlete tu mtoto, mama. Huku kaa ni wengi kuliko watu."

Ila mpango ule ulikuwa na kidonda ndani yake. Kiangazi kilichopita ni Takuma aliyesema, "Twende tumwoneshe mtoto bahari. Usiku mmoja tu." Chizuru alikuwa akifanya kazi katika jiko la kupakia vyakula vya dukani, na siku hiyo alikuwa ametoka zamu ya ziada, miguu imevimba. Alijibu bila hata kugeuka kutoka kwenye sinki: "Mwakani." Takuma akasema, "Haya, mwakani," akaenda kumwogesha mtoto. Mwakani ikafika, yeye hayupo. Ndiyo maana safari hii Chizuru aliomba likizo mapema kabla ya wenzake wote, kama mtu anayekimbilia duka linalofungwa.

Siku ya Jumatano alasiri mavyaa wake akaja bila kupiga simu, kama ilivyo kawaida yake. Bi Tomiyo alikaa mitaa miwili tu kutoka hapo, katika nyumba ya mbao alimozaliwa Takuma.

"Hodi! Nifungulieni kabla mkono haujang'oka! Tikiti maji hili limeshiba kuliko mimi."

"Bibi!" Wakana akamrukia.

"Taratibu, utaniangusha nikapasuka pamoja na tikiti. Kitendawili!"

"Tega!"

"Mgeni wangu huja kila kiangazi. Halipi nauli, huimba mpaka koo likauke, akiondoka anaacha koti lake mtini."

Wakana akafikiri huku amevuta mdomo. Nje, kwenye mti wa barabarani, jibu lilikuwa linapiga kelele lenyewe. "Nyenze!"

"Mtoto ana akili huyu. Kairithi kwangu, imemruka baba yake." Bi Tomiyo akaketi, akapangusa jasho shingoni. Walipokwisha kukata tikiti akamgeukia Chizuru. "Mama Wakana, taa nyeupe ya Takuma imekwisha kufika. Jumamosi mje mapema. Moto wa kumpokea tutauwasha jua likianza kushuka. Ni Bon yake ya kwanza, sitaki aje atukute bado tunatafuta kiberiti."

Chizuru akarudisha kipande chake cha tikiti sahanini.

Yeye alizaliwa Nagano, milimani, na kwao Bon, siku ambazo wafu hurudi nyumbani, huwa Agosti. Kila Agosti walikwenda huko na Takuma, wakafagia makaburi, wakala na wazazi. Moyoni mwake Bon ya Takuma ilikuwa ya Agosti, hata likizo nyingine alikwisha kuiomba kwa ajili hiyo. Lakini mitaa hii ya zamani ya Tokyo hupokea wafu wake Julai. Hakuwa mgeni wa jambo hilo. Kila Julai Takuma alivaa viatu jioni, akasema, "Nakwenda kwa Mama kuwasha moto," naye Chizuru akamjibu, "Ukirudi pitia maziwa." Miaka yote ile neno alilisikia, asilitie maanani.

"Jumamosi sisi tunakwenda ba..." Wakana alianza.

Chizuru akamtia kipande cha tikiti mdomoni. "Tutakuja, Mama. Mapema."

"Na mtoto akae mbali na maji siku hizo," Bi Tomiyo aliendelea, hana habari. "Jirani yangu pale kona, eti mjukuu wake anapelekwa baharini siku za Bon! Nikamwambia, wafu wakimshika mguu utamshitaki nani? Watu wa siku hizi hawana haya."

"Kweli, Mama," alisema Chizuru, akainama kuokota mbegu ambazo hazikuwa zimeanguka.

Mavyaa alipoondoka, Chizuru akashika simu. Yule mama wa nyumba ya wageni akamhurumia lakini hakuwa na nafasi. "Mpaka Agosti iishe pamejaa, mama. Karibu tulaze watu kabatini." Msimamizi wa jiko naye hakutaka hata kusikia kubadilisha siku. Basi akaifuta safari. Kilichobaki ni kumwambia mtoto, nacho ndicho kilikuwa kizito kuliko yote.

Wakana alikuwa sakafuni amevaa kofia ya majani, akimwaga maji ya hewa kutoka ndoo kwenda kwenye bakuli.

"Wakana. Hatuendi baharini Jumamosi."

"Kwa nini?"

Neno lilikuwepo palepale ulimini: nimekosea. Neno fupi. Lakini Chizuru alikuwa amechoka kuwa mtu wa kukosea, na mdomo wake ukachukua njia ya mkato.

"Kwa sababu Baba anakuja."

Wakana akainua macho. "Baba alikufa."

"Ndiyo. Lakini siku hizo anakuja kwa Bibi kututembelea."

"Hawezi kuja siku nyingine?"

"Hawezi."

Mtoto akautazama mkoba wake. Hakulia, na afadhali angelia. "Basi asije," alisema.

Pale ndipo Chizuru angesema kweli. Aliijua nafasi ile, aliiona kabisa ikipita mbele yake. Akainuka akaenda kuosha mchele.

Jumamosi walifika kwa Bi Tomiyo mapema kama walivyoagizwa. Picha ya Takuma ilikuwa imewekwa katikati ya chumba, imezungukwa na matunda na maua, na juu yake imening'inia taa nyeupe. Chizuru hakuweza kuitazama ile picha sawasawa. Takuma alikuwa anacheka, kama mtu aliyekwisha kukusamehe kabla hujamwambia ulilotenda, na hilo lilimuumiza zaidi.

Bi Tomiyo alimketisha mjukuu mbele ya tango na biringanya, akachomeka vijiti vinne kila moja, vikawa miguu. "Huyu tango ndiye farasi. Baba yako atampanda aje mbio. Huyu biringanya ng'ombe. Atampanda kurudi, polepole, maana hatutaki aondoke haraka. Umeelewa?"

"Bila farasi hawezi kuja?"

"Kwa miguu? Mbali mno, mjukuu wangu."

Wakana akatikisa kichwa taratibu, kama mzee aliyepewa habari nzito.

Wale wanawake wawili wakaingia jikoni kutia wali na mboga kwenye vibakuli vya Takuma. Bi Tomiyo alikuwa akisimulia jinsi mwanawe, alipokuwa mdogo, alivyozificha karoti ndani ya soksi. Chizuru aliitikia tu, "Eeh, eeh." Waliporudi, ng'ombe wa biringanya alikuwa amesimama peke yake. Farasi alilala ubavu, miguu imevunjwa, kichwa hakipo.

"Jamani! Nani amemla farasi?"

Wakana alikuwa anatafuna. Akameza kwanza, mtoto mwenye adabu. "Mimi."

Bi Tomiyo akaangua kicheko hata akashika kiuno. "Njaa gani hii? Mama yako hakupi chakula? Anamla farasi mbichi, na miguu amevunja!"

"Siyo njaa," alisema Wakana. "Ili Baba asije."

Kicheko kikakatika.

"Baba yako amekukosea nini?"

"Amechukua bahari yangu. Mama amesema."

Bi Tomiyo akamgeukia mkwewe. Chizuru akaketi palepale kwenye mkeka.

"Nilisahau, Mama. Kwetu ni Agosti, nikasahau kwamba hapa ni Julai. Nilikuwa nimepanga kumpeleka baharini."

"Lini?"

"Leo."

"Leo. Na mimi nimekaa kwako nasema habari za jirani asiye na haya."

"Ndiyo, Mama."

"Ukakaa ukala tikiti langu."

"Nilikula."

Bi Tomiyo akavuta pumzi puani. "Kusahau, hilo nalielewa. Takuma alisahau siku yangu ya kuzaliwa tangu alipojua kusema mpaka alipooa, na alipooa tukawa na wasahaulifu wawili. Lakini kumsingizia marehemu! Hana mdomo wa kujitetea huyu. Mtoto wake anamvunjia farasi miguu, naye kule anasubiri kuja nyumbani!"

Hapo Chizuru alilia, lakini kidogo, maana aliona kulia nako kungekuwa kukimbia. Akajipangusa kwa mkono, akamgeukia mtoto, wakawa uso kwa uso.

"Wakana, sikiliza. Baba hakuchukua bahari yako. Mimi nilikosea siku, halafu nikaona haya kukuambia. Nikasema ni Baba. Nilidanganya."

Wakana akamtazama, bado ana mbegu ya tango kwenye kidevu.

"Na kuna jingine. Mwaka jana Baba alitaka tukuoneshe bahari. Alisema twende. Mimi nikasema hapana."

"Mbona ulisema hapana?"

"Nilikuwa nimechoka."

"Siku zote?"

Swali lile Chizuru hakuwa amewahi kujiuliza hivyo. "Si siku zote. Siku nyingine niliona uvivu tu kupanga."

"Basi wewe ndiye mbaya."

"Kwa hili, ndiyo. Ni mimi."

Alimtazama mavyaa wake kwa pembe ya jicho, labda angemtetea. Bi Tomiyo alikuwa anakusanya vijiti vilivyovunjika, wala hakuwa na haraka ya kumtetea mtu.

"Tutakwenda lini?" Wakana aliuliza.

"Sijui. Nitaomba likizo tena. Wakininyima, nitakuambia wameninyima. Na nikisahau, nitakuambia nimesahau."

Wakana akalipima jambo hilo. Kisha akamgeukia bibi yake. "Kuna farasi mwingine?"

"Kuna tango moja kwenye friji. Ila limepinda."

"Farasi aliyepinda atafika?"

"Atafika. Kwa kuchelewa, lakini baba yako kuchelewa ndiyo kazi yake."

Wakana mwenyewe alichomeka miguu, mitatu mifupi na mmoja mrefu, farasi akasimama kama anayetaka kukaa. Wakamwacha hivyohivyo.

Jua lilipoanza kushuka wakatoka mlangoni. Kwenye kichochoro kile nyumba mbili tatu nyingine zilikuwa zimekwisha kuweka sahani za udongo nje, na moshi wa vijiti vya katani ulianza kupanda. Bi Tomiyo aliweka ya kwake kizingitini, akapanga vijiti juu yake, akamnyoshea Chizuru kiberiti.

"Washa."

"Mimi, Mama? Baada ya haya yote?"

"Sijakusamehe, usijidanganye. Kesho uniulize tena. Lakini anayekuja ni mumeo. Washa."

Njiti ya kwanza ikazima. Ya pili ikashika, vijiti vikaalika, moto ukawa mdogo na mweupe, na moshi ukayumba kuelekea ndani ya nyumba. Bi Tomiyo na Chizuru wakaunganisha viganja, wakainamisha vichwa kimya kimya, kama wafanyavyo watu wote siku hiyo.

Wakana ndiye hakunyamaza. Alisogea mbele ya moto, akajaza kifua hewa.

"Baba! Siyo wewe uliyechukua bahari! Ni Mama! Alisahau, halafu akadanganya! Na mwaka jana alisema hapana!"

Mwanamke wa nyumba ya mbele akajifanya anapanga vijiti vyake upya, ingawa vilikuwa vimekwisha kuungua. Uso wa Chizuru ukawaka kuliko moto wenyewe. Angeweza kumvuta mtoto mkono, akamnyamazisha, akacheka na kusema watoto bwana. Mkono ulianza hata kunyooka, akaurudisha.

"Ni kweli," alisema, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya kichochoro. "Ni mimi, Takuma. Anasema kweli."

Vijiti vikaanguka kimoja kimoja, vikawa majivu yenye kingo nyekundu.

"Karibu nyumbani, mwanangu," alisema Bi Tomiyo.

Wakana akatazama nyuma, akaona kwamba yeye na mama yake wamesimama katikati ya mlango. Akamshika mama yake upindo wa nguo, akamvuta kando, ili wampishe Baba.