Hodi Kifuani kwa Fundi Kesho

Hodi ya kwanza ilipigwa asubuhi, Fundi Kesho akiwa na pini mdomoni, anampima kiuno mama mmoja wa kwaya. Ilitoka kifuani mwake mwenyewe, upande wa kushoto, nyuma ya mfuko wa shati anamoweka chaki. Iligongwa mara tatu, taratibu, kama agongavyo mtu aliyefundwa akafundika, halafu sauti ikasema, "Hodi."

Mama wa kwaya akamtazama kifuani. "Fundi, una mgeni."

"Nimesikia," akajibu, pini zikiwa bado mdomoni. Akainamisha kichwa, akakiambia kifua chake, "Njoo kesho."

Mama wa kwaya akaangua kicheko. Jina la Fundi Kesho hakupewa bure. Njia ya mwongo ni fupi, lakini fundi cherehani huirefusha ya kwake kwa neno hilo moja. Kuna gauni la ubatizo alilolishona mpaka mwenye gauni akaanza kutembea. Watu walimvumilia kwa sababu mkono wake ulikuwa safi, na kwa sababu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa benchi la mbele, koti lake halijui mkunjo.

Kesho yake mgeni akaja, kama alivyoambiwa. Hapo ndipo alipotofautiana na wateja wengine: hakununa wala hakusema "lakini uliniahidi." Alipiga hodi, akaambiwa kesho, akaenda zake. Siku iliyofuata akarudi, na nyingine, na nyingine. Chaki ya mfukoni ikawa inasagika unga kwa kugongwagongwa. Mtaa ukazoea. Waliopita dukani walimsalimia Fundi, kisha wakakisalimia na kifua. Mchungaji alipokuja kuulizia majoho ya kwaya alitega sikio kwenye mfuko wa shati, akasikiliza, akavua kofia.

"Ni Yeye," akasema. "Mfungulie basi, mzee mwenzangu. Na majoho?"

"Kesho, Mchungaji."

Mkewe ndiye aliyekereka. "Baba watoto, mgeni gani huyo wa kusimamishwa nje kila siku? Hata mtu wa kusoma mita tunamvutia kiti!"

"Nyumba haijafagiliwa," Fundi akasema.

Mkewe alichukua bakuli la uji. Akapita nyuma ya duka, akavuta komeo la mlango wa stoo. Alikijua kisichofagiliwa.

Mle stoo, nyuma ya majora ya vitambaa, aliishi mama mzazi wa Fundi. Akili zilikuwa zimeanza kumtoka kidogo kidogo, na siku moja alitokeza dukani bila nguo hata moja. Bibi harusi alikuwa anapimwa, mashangazi wamejaa hadi mlangoni. Bibi kizee akawauliza kwa upole kama kuna aliyemwona mwanawe mdogo, yule anayeogopa radi. Mwanawe mdogo alikuwa amesimama hapo hapo, utepe wa kupimia shingoni, mvi kichwani. Aibu ilimchoma mpaka ncha za masikio. Wiki ile ile aligongelea komeo nje ya mlango wa stoo, akatangaza kwamba mama ameenda kukaa kwa dada, huko hewa ni nzuri.

Sasa, komeo huzuia mtu, halizuii sauti. Mama aliimba tenzi, akaita watu waliokwisha kufa, nao wengine wakamwitikia. Kwa hiyo mteja akiingia tu, Fundi aliwahi cherehani akaikanyaga kwa nguvu, iwe na uzi au haina. Alishona hewa. Mtaa ulimsifu: fundi yule anachapa kazi jamani, ila hatujui nguo zinaenda wapi. Na mgeni wa kifuani alipoanza kuja, Fundi akawa na sauti mbili za kufunika kwa cherehani moja: ya mama watu wasiisikie, ya mgeni asiisikie yeye mwenyewe.

Siku moja duka likiwa tupu, aliacha kukanyaga akauliza, "Bwana, wewe una uwezo wote. Mbona usiingie tu, tukamaliza?"

"Uwezo ninao," mgeni akajibu. "Ruhusa unayo wewe."

"Ukishaingia utauliza maswali."

"Swali moja tu, fundi."

Fundi alilijua swali. Alilijua tangu siku ile anapigilia misumari. Hata komeo la kifuani mwake alijua lilipo, kama ulimi ujuavyo pengo la jino, na halikuwa na kutu wala uzito wowote. Kidole kimoja kingelitosha. Aliinua mkono, akaupeleka pale pale palipotakiwa. Ndipo kivuli cha mteja kikaanguka kizingitini, na mkono ukashuka wenyewe kwenye gurudumu la cherehani. Wenyewe, ndivyo alivyojiambia. Mkono haushuki wenyewe.

Mkanda wa cherehani ukakatika alasiri moja ya jua kali. Fundi alikuwa anautafuta mwingine chini ya meza wakati hodi ilipopigwa, na safari hii hapakuwa na kelele ya kuifunika. Ilisikika hadi nyuma. Mama yake, aliyesahau majina ya watoto wake na matumizi ya nguo, hakuwa amesahau kwamba hodi haiachwi mlangoni.

"Karibu!" akaita kutoka stoo. "Karibu ndani, baba! Pita, usisimame juani!"

"Ahsante, mama," mgeni akasema.

Komeo la nje halikuguswa. Fundi, akiwa bado amepiga magoti chini ya meza, alisikia ndoo ikifudikizwa ili mtu akalie. Alisikia mama yake akicheka, kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu utotoni. Kisha akamsikia akisimulia habari za mwanawe, yule anayeogopa radi.

"Ni mtoto mzuri," bibi kizee akasema. "Ila ana haya mno. Ukimkuta huko nje usimkemee."

"Namfahamu," mgeni akasema. "Simkemei."

Fundi alilia, hilo lazima lisemwe. Alilia ameuma kipande cha kitambaa cha joho. Halafu akajifutia kitambaa hicho hicho, akaupata mkanda, akaufunga.

Tangu hapo mgeni akawa anashinda stoo. Mkewe Fundi alianza kupeleka mabakuli mawili bila kuulizwa wala kueleza. Na kila asubuhi kifuani hodi ikapigwa kama kawaida, maana aliyekaribishwa chumba kimoja hajakaribishwa kingine.

Majoho yaliisha hatimaye. Mchungaji alikuja kuyachukua, akayapangusa, akayasifu mishono. Cherehani ilikuwa kimya. Fundi alikuwa amesimama mbali nayo, na nyuma ya mlango wa stoo sauti mbili zilikuwa zinaimba tenzi chini chini, moja ya kizee, moja isiyo na umri.

"Kwaya yangu hiyo?" mchungaji akatania, akigeuza sikio. Kisha akakumbuka adabu. "Na mama hajambo? Bado yuko kwa dada?"

Fundi hakutakiwa hata kusema. Angenyamaza tu, mchungaji angesikiliza, na mlango ungejieleza wenyewe. Fundi aliweka mkono kifuani. Komeo lilikuwa jepesi kama siku zote.

"Bado yuko huko," akasema. "Hajambo kabisa."

Tenzi zikakatika katikati ya ubeti. Kule stoo walinyamaza wote wawili, mama na mgeni wake, wakabana pumzi ili wasimwaibishe Fundi. Wakakaa hivyo mpaka mchungaji alipovuka barabara na majoho yake mkononi.