Kidole Gumba Kilichosimama

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kidole gumba changu. Kilikuwa kimesimama.

Mwalimu Dahir wa ngumbaru ya Chechelesi alitufundisha kuhesabu mizani kwa vidole vinane. Kila silabi kidole kimoja, vidole gumba vimelala. Nusu ya mstari ikiisha, vyote vinane viwe vimesimama; gumba kikisimama, silabi imezidi. Mimi niliachia shule darasa la tano, kwa hiyo nilikaa nyuma darasani kwake miezi minane. Jina langu, Hawo, likiitwa, nilisema "niko". Basi.

Mwaka huo, 1982, baba mdogo wa Dahir, mzee Dualeh, alikuja kwetu kumposea. Nikiwa jikoni nilimsikia baba akijibu, "Kwetu mdogo haolewi mkubwa akiwa nyumbani." Wiki iliyofuata ikaja barua ya Dahir kwa dada yangu mkubwa, Khadijo, na ndani yake shairi. Khadijo hakusoma shule. Nikaitwa mimi.

Mwenye kuamua alikuwa eddo Habsa, dada wa baba. Yeye hutunga mashairi kwa Kisomali, na harusi ya Isiolo bila yeye ni pilau tu.

"Mstari wa kwanza umeingia na sauti gani?" aliniuliza nilipomaliza kusoma.

"Na, eddo."

"Wa pili?"

"Mo."

"Wa tatu?"

"Si."

Akaweka kikombe chini. "Kwetu mistari yote huingia na sauti moja. Hawa ni ngamia wa watu watatu ndani ya boma moja. Arudishiwe barua yake."

Khadijo aliangalia mkeka. Alikuwa ameshapaka hina.

Nikasema polepole, "Kiswahili kinafunga nyuma, eddo. Katikati ni -ma, mwisho ni -ni, beti zote tano."

"Yaani wanafunga mkia, kichwa wanaacha?"

"Ndiyo, eddo."

"Na hawapotei?"

"Kuna kibwagizo. Kinarudi kila ubeti."

"Kisome."

"Khadijo nipe jibu lako, moyo umeshika kiu."

Nilikuwa nahesabu chini ya shuka. Mistari mingine yote ilikuwa nane kwa nane. Kwenye kibwagizo kidole gumba kilisimama, na kila ubeti kikasimama tena palepale. Mtu anayejua kuhesabu hakosei mara tano mahali pamoja.

"Haya, msomi," eddo akasema. "Lina kosa?"

Khadijo aliniangalia.

"Halina, eddo."

"Basi tumepata mfunga mikia. Apewe."

Walioana baada ya Idi. Dahir huniita shemeji, na akija hula chapati zangu bila kuongea sana.

Sasa nasema. Lilikuwa na kosa, na kosa ni jina. Silabi tatu zimewekwa mahali pa mbili. Jioni ile nilirudi jikoni, nikakisoma kibwagizo mara tano, nikiweka jina langu. Kidole gumba kililala mara zote tano.

Na jibu langu lilikuwa ndiyo.