Risasi Iliyoyeyushwa Uani

Shule moja ya kata, nje kidogo ya mji wa Kasulu, haikuwa na maabara. Kwa hiyo mwaka 2013, alipofika kwenye mada ya metali na simetali, Mwalimu Mwanahawa aliwaambia wanafunzi wa kidato cha tatu walete vitu vya nyumbani. Wakaja na misumari, waya wa shaba, mkaa, kipande cha sufuria. Esteri Nduwayezu alileta bonge la kijivu, dogo kama kiazi, ila zito kuliko vyote mezani.

Mwalimu aligonga mkaa kwa nyundo, ukapondeka. Akaligonga bonge la Esteri, likabonyea tu. Alipolikwaruza kwa kisu, ndani liling'aa.

"Hii ni metali ya risasi," alisema. "Umeitoa wapi?"

"Kwa baba. Anatengeneza betri za magari. Zikifa anayeyusha sahani zake za ndani pale uani, anawauzia wavuvi wa Kigoma uzito wa nyavu."

Mwalimu alimwagiza kila aliyeligusa akanawe. Waliporudi alisema taratibu, "Kalsiamu mwili unaihitaji. Chuma unakihitaji. Risasi hauihitaji hata chembe, lakini ikiingia kwa moshi au vumbi, mwili huidhani ni kalsiamu na kuihifadhi kwenye mifupa. Wanaoumia zaidi ni watoto. Tumbo husokota, damu hupungua, akili hudumaa."

Esteri aliacha kuandika. Mdogo wake Leonidasi, mtoto wa miaka mitatu, alishinda uani akichezea vumbi. Tumbo lilimsumbua tangu masika. Walimpa dawa ya minyoo, wakampeleka kuombewa. Na maneno aliyokwisha kuyajua yalikuwa yakimpotea.

Baada ya kipindi alimweleza mwalimu yote.

"Nije niongee na baba yako?"

"Hapana, mwalimu. Akiambiwa na mgeni ataona aibu. Nitasema mwenyewe."

Tharsisi, baba yake, aliwahi kuishi katika kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Mtabila, na kazi hiyo alijifunzia huko. Esteri alimkuta uani akipanga mkaa kwenye jiko la kuyeyushia.

"Shikamoo baba. Naomba tuongee kabla hujawasha."

Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nimeifanya kazi hii miaka yote. Mbona siumwi?"

"Mikono yako inatetemeka ukishika kikombe, baba."

Tharsisi aliitazama mikono yake.

"Unasema mimi ndiye ninayemuumiza mwanangu?"

"Nasema ni moshi, baba."

"Moshi haujiwashi," alisema, akaondoka pale. Moto haukuwashwa.

Kesho yake alimbeba Leonidasi mwenyewe hadi hospitali, akamweleza daktari kazi yake bila kuficha. Damu ilipelekwa Dar es Salaam, kwa kuwa Kasulu hakukuwa na kipimo. Majibu yalichelewa, na yalipokuja yalithibitisha: damu ya mtoto ilijaa risasi. Dawa iliagizwa. Tumbo likatulia, macho yakarudiwa na uhai. Kuhusu maneno, daktari hakutaka kuwadanganya.

"Alichopoteza huenda kisirudi chote," alisema.

Tharsisi na Esteri walimwagia uwanja maji ili vumbi lisiruke, wakakwangua udongo wote wa juu, wakaufukia kwenye shimo refu, mbali na chemchemi. Fundi mmoja alikuja kutaka kununua vifaa vya kuyeyushia. Tharsisi alikataa.

"Nikuuzie ugonjwa?"

Akaanza kutengeneza baiskeli, na msimu wa kilimo alikwenda Buhigwe kulima maharage kwa wakwe zake. Mama Esteri hakuwahi kumlaumu mbele ya watoto. Tharsisi mwenyewe alijilaumu vya kutosha, akakonda.

Mwaka 2015 Leonidasi alianza shule ya awali. Kila asubuhi Tharsisi alimshika mkono, na njiani alimtajia kila walichokiona, kwanza kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili: mbuzi, daraja, mgomba. Siku nyingine mtoto alirudia. Siku asiporudia, baba yake alisimama, akamwelekeza kwa kidole, akataja tena.