Mgeni Aliyekataa Kahawa

Fandi aliingia mchana, akakaa kwenye godoro la wageni, na kikombe nilichompa akakiweka chini bila kukigusa. Huku kwetu mlimani mgeni akiweka kahawa chini ana ombi, na hanywi mpaka apewe.

"Kunywa kwanza, mwanangu."

"Nitakunywa, Mama Kasem. Nasikia mjukuu wako ameanza kukumbuka."

Sisi Wadruzi, mtu akifa roho yake huvaa mwili wa mtoto anayezaliwa saa ile ile, na wapo watoto wanaokumbuka. Raghda wangu, bado mdogo wa kubebwa mgongoni, tangu mavuno ya zabibu alikuwa akisema yeye ni Jawaher wa kijiji cha bondeni, na kwamba hakuteleza kisimani kama walivyoamini waliomzika. Alisukumwa na shemeji yake. Huyu Fandi. Mimi na mama yake, Itidal, tulimnyamazisha, lakini maneno ya mtoto ni moshi, huwezi kuyaziba kwa kiganja.

"Watoto nao! Juzi kasema yeye ni mbuzi."

Akacheka, huku anaangalia mlango wa ndani. "Basi mwite huyo mbuzi tumwone. Marehemu alikuwa mke wa kaka yangu. Ni haki yetu."

Ilikuwa haki yao kweli, na hilo ndilo lililonitia baridi. Itidal akamleta, kamshika bega utadhani atapeperuka.

"Unaitwa nani, binti?"

"Raghda."

"Mimi unanijua?"

Mtoto akatikisa kichwa. Fandi akashusha pumzi, akainua kikombe, akanywa mpaka machicha. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo: ameonja cha nyumba hii, leo hawezi kuidhuru.

Kisha akanyoosha mkono ampapase nywele. Raghda akajikunja, akakinga kisogo kwa mikono miwili. Jawaher alitolewa kisimani kisogo kimepasuka. Kila aliyekwenda mazishini anajua.

Fandi akasimama. "Mtunzeni," akasema taratibu. "Visima ni vingi huku." Akaenda zake.

Itidal akaanza kufunga madirisha. "Mama, tumfiche! Nimpeleke kwa kaka yangu!"

"Tumfiche mpaka lini? Kahawa ya leo inamfunga leo tu. Siri ikiwa ya mtoto mmoja, Fandi anaizima. Ikiwa ya kijiji kizima, atasukuma wangapi?"

Nikajitanda shela langu jeupe, nikamshika Raghda mkono, tukapanda kwenye nyumba ya wazee wa dini. Njia nzima nilikuwa nageuka nyuma. Wazee, na vilemba vyao vyeupe, wakatugeukia tulipoingia.

"Haya, mjukuu wangu. Waambie kama ulivyoniambia mimi."

Akanivuta nguo. "Bibi, yule mgeni atanisikia?"

Ningemdanganyaje?

"Atasikia," nikasema. "Sema kwa nguvu."